Namba Zinazokubaliana kwa Makosa

Baruti ikiwaka mahali palipofungwa kabisa, inasukuma kwa nguvu kiasi gani? Benjamin Robins, Mwingereza mzaliwa wa Bath, alijibu mwaka 1742 kwamba ni kama mara 1,000 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Benjamin Thompson, Mmarekani aliyewatumikia watawala wa Bavaria na kupewa cheo cha Count Rumford, alitangaza mwaka 1797 kwamba hesabu zake zinafika zaidi ya mara 100,000. Mwaka 1875 Andrew Noble na Frederick Abel walitumia vyombo vya chuma vilivyoweza kuizuia gesi yote isitoroke, wakapata kama mara 6,400. Jibu hilo la tatu ndilo lililosimama.

Wawili wa kwanza hawakuwa wazembe, na ndiyo maana sura hii inaanza nao. Robins aliutundika ubao mzito ili ubembee, akaupiga risasi. Risasi ilikwama ndani ya ubao, ubao ukarudi nyuma, na utepe uliofungwa chini yake ukaonyesha umerudi umbali gani. Kwa kujua uzito wa ubao na uzito wa risasi, alikokotoa kasi, jambo ambalo kabla yake watu walilikisia tu. Alipata zaidi ya futi 1,600 kwa sekunde, yaani karibu mita 500. Mwanahisabati Leonhard Euler alikiona kitabu cha Robins kuwa na uzito wa kutosha kukifasiri kwa Kijerumani mwaka 1745, akakijaza maelezo yake mwenyewe.

Robins hakuishia kwenye kupima. Alijenga pia nadharia ya kutabiri kasi hiyo kabla ya kufyatua. Alidhani baruti yote huwa imekwisha kuwaka kabla risasi haijasogea, na kwamba gesi haipoi inapotanuka. Yote mawili si kweli. Hata hivyo kasi alizozitabiri zilikaribiana vizuri na zile ambazo ubao ulimwonyesha. Shinikizo lake la mwanzo lilikuwa dogo mno, lakini kwa kuwa gesi yake ya kwenye karatasi haikupoa, iliendelea kuisukuma risasi kwa nguvu kuliko gesi halisi hadi mdomoni mwa mtutu. Kosa moja lilifidia lingine. Mtu aliyetazama kasi peke yake asingekuwa na sababu yoyote ya kushuku.

Rumford alikosea kwa njia nyingine. Alichukua chemba ndogo ya chuma, akaiziba kwa juu kwa uzito, na katika majaribio makubwa uzito huo ulikuwa mzinga mzima wa zaidi ya pauni 8,000. Aliongeza baruti kidogo kidogo mpaka gesi iweze kuuinua mzinga. Kisha akatafuta mlinganyo unaopita katikati ya vipimo vyake, akaupata, ukakaa vizuri. Ila vipimo vyenyewe vilikuwa vya chemba isiyojaa. Alipouvuta mlinganyo hadi kwenye chemba iliyojaa pomoni, nje kabisa ya vipimo hivyo, ukapaa mbali sana juu ya ukweli.

Mtu anayejijazia risasi zake leo, akiwa na programu ya kompyuta mezani, anaweza kukosea kama Robins asubuhi na kama Rumford jioni.

Kwanza, ni watu gani hawa? Ni walenga shabaha na wawindaji, wengi wao Marekani na Ulaya, ambao hawatupi maganda ya shaba nyeupe yaliyokwisha kutumika. Ganda hunyooshwa kwenye kinu cha mkono, fataki iliyolipuka hutolewa na mpya ikabanwa mahali pake, baruti hupimwa kwenye mizani na kumiminwa, kisha kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, hukandamizwa mdomoni mwa ganda. Ujerumani mtu hawezi kuifanya kazi hii bila kibali chini ya kifungu cha 27 cha sheria ya vilipuzi. Marekani inafanyika gereji kwa mtu, na kwa jicho la mgeni inaonekana burudani kama kufuma.

Kwa miaka mingi mwongozo wao ulikuwa kitabu cha watengenezaji: baruti fulani, kichwa fulani, anzia hapa, usivuke hapa. Baadaye zikaja programu. Iliyojulikana zaidi ni QuickLOAD ya Mjerumani Hartmut Brömel. Nyingine ni Gordon's Reloading Tool, nayo ya Ujerumani. Unaingiza vipimo vya ganda, kichwa, mtutu na baruti, nayo inachora mlima: shinikizo likipanda, likifika kilele, likishuka, huku kasi ya kichwa ikikua mpaka mdomoni. Mchoro unavutia sana. Ubaya wake ni kwamba umechorwa na kitu ambacho hakijawahi kuuona mtutu wako.

Mambo yenyewe yanakwisha upesi mno. Chukua .308 Winchester, risasi ambayo walenga shabaha wengi huanza nayo. Kichwa cha gramu 10.9 kinachotoka kwa mita 800 kwa sekunde kinabeba karibu juli 3,500, na kimeupita mtutu wa sentimita 60 kwa kitu kama milisekunde moja na robo. Kilele cha shinikizo hutokea mapema, kichwa kikiwa kimesogea sentimita chache tu. Tume ya kimataifa ya ukaguzi wa silaha, CIP, iliyoanza mwaka 1914 na yenye makao Ubelgiji, imeweka kikomo cha risasi hii kuwa megapaskali 415, zaidi ya mara 4,000 ya shinikizo la hewa. Wamarekani, kupitia chama cha viwanda chao kiitwacho SAAMI, wanaandika pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, ambazo ni kama megapaskali 427. Tofauti hiyo inatokana zaidi na namna ya kupima.

Ndani ya muda huo mfupi kuna mbio. Mfaransa Guillaume Piobert alieleza katika karne ya 19 kwamba punje ya baruti huwaka kutoka nje kwenda ndani, tabaka kwa tabaka. Mfaransa mwenzake Paul Vieille, aliyeunda baruti isiyo na moshi mwaka 1884, alionyesha kwamba kasi ya kuwaka huko hupanda pamoja na shinikizo. Hapo ndipo penye hatari: shinikizo huharakisha moto, moto huongeza gesi, gesi hupandisha shinikizo. Kinachovunja mzunguko huo ni kichwa kukimbia na kuiachia gesi nafasi. Kikichelewa kidogo kuondoka, au nafasi ya mwanzo ikiwa finyu kidogo, kilele kinapanda kuliko mtu anavyotarajia. Programu huiga mbio hizi kwa hatua ndogo ndogo sana za muda, ikikadiria mengi kwa mkupuo. Hata mwendo wa gesi yenyewe kati ya kitako na kichwa, swali alilolishughulikia mwanahisabati Lagrange mwaka 1793, humo hurahisishwa kuwa mstari ulionyooka.

Sasa tuje kwenye kuisawazisha programu na bunduki halisi.

Kazi ya kwanza haihusu kompyuta, na ndiyo wengi wanayoiruka. Programu huja na namba ya ujazo wa kila aina ya ganda, lakini hiyo ni namba ya jumla. Maganda ya kijeshi huwa na kuta nene, kwa hiyo ndani ni padogo. Maganda ya viwanda viwili vya kiraia nayo hutofautiana. Njia ya kujua ni maji. Unachukua ganda lililofyatuliwa kwenye bunduki yako, kabla ya kulinyoosha, fataki ya zamani ikiwa bado mahali pake ili maji yasivuje. Unalipima likiwa kavu, unalijaza maji mpaka yawe bapa mdomoni, unalipima tena. Kwa .308 jibu huwa kama greni 56, yaani gramu 3.6 za maji, likipanda au kushuka kwa greni moja au mbili kulingana na ganda. Maganda kadhaa ya kundi moja yanatosha kutoa wastani. Ni kazi ya nusu saa, na hakuna nusu saa nyingine katika shughuli hii yote yenye faida kubwa kama hiyo.

Kisha urefu wa mtutu. Hupimwa kwa kufunga bunduki tupu na kupitisha ufito kutoka mdomoni mpaka uguse uso wa komeo. Kifaa cha kupunguza mshtuko kilichoskrubiwa mbele ya mtutu hakihesabiwi, kwa kuwa kichwa kikifika hapo gesi haikisukumi tena kama ndani ya mtutu. Jambo hili linaonekana dogo, tutalirudia.

Halafu kasi. Vyombo vya zamani vya mwanga, vyenye macho mawili ambayo kichwa hupita juu yake, husumbuliwa na jua na mawingu, na huwekwa mita kadhaa mbele ya mtutu. Kichwa cha .308 kikifika mita tatu kimekwisha kupoteza kama mita mbili kwa sekunde, na programu inataka kasi ya mdomoni. Rada ndogo za siku hizi zimeondoa sehemu kubwa ya usumbufu huo. Lililobaki ni hesabu: risasi zilizojazwa kwa uangalifu bado hutofautiana. Kama mtawanyiko wa kawaida ni mita 5 kwa sekunde, wastani wa risasi tatu bado unayumba kwa karibu mita 3 huku na huku, na wastani wa risasi kumi kwa mita moja na nusu hivi. Anayepiga tatu kisha akaanza kuisogeza programu kwa mita mbili anafukuza upepo.

Tuseme sasa programu inatabiri mita 790 na rada imesoma 805. Ndani ya programu kuna kigezo kinachosema baruti hii inawaka kwa wepesi gani; QuickLOAD hukiita Ba. Ukikipandisha kidogo, kasi iliyotabiriwa inapanda. Dakika moja, na 790 imekuwa 805. Wengi wanaishia hapo, wanahifadhi faili, wanasema programu imesawazishwa.

Hilo ndilo kosa la Robins. Mita 15 hizo zingeweza kutoka kwingine kabisa. Pengine baruti ni nyepesi kweli kuliko toleo lililopimwa na mwenye programu. Pengine ganda ni finyu kuliko lilivyoandikwa, au kichwa kinaanza safari kwa shida: programu huchukulia kwamba kichwa cha kawaida chenye koti la shaba husogea shinikizo likifika megapaskali 25, lakini kichwa cha shaba tupu, au kilichobanwa hadi kugusa mifereji ya mtutu, kina hesabu yake. Pengine baruti ilikuwa na joto. Pengine mizani inadanganya. Na pengine mtutu ni mrefu tu kuliko ulivyoandikwa. Sababu zote hizi zinaweza kuleta 805 ile ile, lakini kila moja ina kilele chake cha shinikizo. Mtutu mrefu haukigusi kilele hata kidogo, kwa kuwa kilele kimepita zamani kichwa kikiwa bado karibu na chemba. Baruti nyepesi hukipandisha.

Sasa rudi kwenye kile kifaa cha mshtuko. Mtu amepima mtutu pamoja nacho, akaandika sentimita tano zisizokuwepo. Programu inatabiri kasi kubwa kuliko inayosomwa na rada. Yeye, ili namba zikubaliane, anaishusha Ba. Namba zinakubaliana. Lakini kwa kuishusha Ba ameiambia programu kwamba baruti yake ni pole kuliko ilivyo, na programu, kwa utiifu, inamwonyesha kilele cha chini kuliko kilichomo mtutuni. Anaona bado ana nafasi. Anaongeza baruti. Kila kosa linaloifanya kasi halisi ionekane ndogo mbele ya utabiri linaelekea upande huu: chombo cha kupima kasi kinachosoma chini, ujazo wa ganda ulioandikwa mdogo kuliko ulivyo. Makosa ya upande wa pili humfanya mtu awe mwoga bila sababu, na woga wa aina hiyo haujamdhuru mtu.

Kutafuta shinikizo kwa njia ya kasi ni sawa na kukisia chumvi ya mchuzi kwa kutazama uso wa mlaji: uso unasema kitu, lakini sababu za kukunja uso ni nyingi. Dawa ni kuuliza zaidi ya swali moja. Badala ya kipimo kimoja cha baruti, jaza vipimo vinne au vitano vinavyopanda kidogo kidogo, vyote chini ya kikomo cha kitabu, na uchukue wastani wa kasi wa kila kimoja. Kisha usogeze Ba mara moja tu, kwa vyote. Kama mstari wa programu na mstari wa rada inapanda kwa mteremko mmoja, una sababu ya kuamini kwamba wepesi wa baruti ndio uliokuwa na kasoro. Kama inakutana katikati na kuachana pembeni, kosa liko kwingine, na kuendelea kuchezea Ba ni kulificha. Ukiweza kuvipiga vipimo hivyo kwenye mitutu miwili ya urefu tofauti, bora zaidi. Wachache wanayo nafasi hiyo.

Kuna pia suala la kiasi. Baruti ya jina moja hutofautiana toleo hadi toleo, kwa hiyo kusogeza Ba kwa asilimia mbili au tatu hakunishangazi. Ikifika asilimia kumi, mimi ningeiacha kompyuta, nikarudi kwenye maji na ufito.

Watu husema kwamba ganda lenyewe litakuonya: fataki itabapa, komeo litakuwa gumu kufunguka, alama itatokea kwenye kitako. Dalili hizo ni za kweli, lakini huja zimechelewa. Fataki moja ni laini, nyingine ngumu. Bunduki moja huacha alama chini ya kikomo, nyingine huvumilia mbali sana juu yake bila kulalamika. Hata vipimo rasmi vya zamani vilikuwa na upofu wao. Tangu enzi za Noble, shinikizo lilisomwa kwa kutazama kipande cha shaba nyekundu kilichofinywa na gesi. Shaba inahitaji muda ili ifinyike, na kilele hakikupi muda. Ndiyo maana .308 ile ile ina kikomo cha 52,000 kwa kipimo cha shaba na 62,000 kwa kihisi cha umeme. Bunduki haikubadilika, kilichobadilika ni jicho. Anayechukua namba ya kitabu cha zamani na kuilinganisha na mchoro wa programu bila kujua hilo analinganisha vitu viwili tofauti.

Kuhusu joto, Afrika Mashariki ilihusika na habari hii mapema, bila kuulizwa. Kodaiti, baruti ya Kiingereza ya nyuzi nyuzi iliyobuniwa na yule yule Abel pamoja na James Dewar mwaka 1889, ilijulikana kwa kupandisha shinikizo inapopata joto. Bunduki iliyopimwa katika ubaridi wa Uingereza ikapata joto la jua la nyika, na ganda likagoma kutoka mbele ya nyati au tembo, wakati mbaya kuliko wote. Waundaji wa London walijibu kwa ukubwa wa ganda: .416 Rigby ya mwaka 1911, iliyopendwa sana na wawindaji wa huku, ina ganda pana mno kwa kazi yake, ili gesi ipate nafasi na shinikizo libaki chini. Mpaka leo CIP imeiwekea megapaskali 325, chini sana ya .308.

Programu za sasa kwa kawaida huchukulia baruti iko kwenye nyuzi 21 za Selsiasi. Baruti mpya nyingi zimetengenezwa zisijali joto sana, lakini si zote, na za mafuta ya nitrogliserini huwa na hisia zaidi. Mtu wa Ulaya aliyesawazisha programu yake Machi, kwenye ubaridi, kisha akaenda na risasi hizo kwenye shindano la Julai zikiwa zimeachwa ndani ya gari lililofungwa, amevuka mpaka wa vipimo vyake. Kosa hilo ni la Rumford: mlinganyo ni mzuri, mahali alipoupeleka ndipo pasipo na kipimo. Vivyo hivyo anayesawazisha kwa vipimo vinne vya chini kisha akaiuliza programu itamwambia nini juu ya kikomo. Itamjibu. Haijui kukataa.

Anayetaka kujua shinikizo lenyewe ana njia moja, nayo ni kulipima. Ujerumani kuna ofisi za serikali za kukagua silaha, Ulm na Suhl miongoni mwake, zenye mitutu maalumu na vihisi vya umeme. Wengine hugandisha kihisi cha mnyumbuko juu ya chemba ya bunduki yao. Huona umbo la mlima vizuri, ingawa urefu wake bado unahitaji risasi ya kiwanda inayojulikana ili kulinganisha. Matokeo ya namna hiyo yakiingizwa kwenye programu pamoja na kasi, Ba haina tena uhuru wa kuzurura, maana inabanwa pande mbili.

Baada ya hapo faili linafaa kwa kazi yake: kujua kichwa kizito zaidi kitabadilisha nini, kuona kama baruti itaisha kuwaka kabla ya mdomo wa mtutu mfupi, kuchagua kati ya baruti mbili kabla ya kununua. Walio makini huandika juu ya faili jina la baruti, namba ya toleo iliyo kwenye kopo, kundi la maganda, ujazo wa maji, aina ya fataki na joto la siku hiyo. Kopo likiisha na jipya likafunguliwa, lenye jina lile lile na namba nyingine ya toleo, wanashusha kipimo, wanatoa rada, wanapiga upya ile ngazi ya vipimo vinne au vitano.